Neno la Kiingereza "persistent": ni sifa au ni lawama?

Swali

Ninatafsiri barua ya kumwombea mwanafunzi ufadhili, na mwalimu wake amemweleza kwa neno "persistent". Kamusi yangu inatoa "king'ang'anizi" na "sugu". La kwanza naona linamfanya mtu msumbufu, na la pili linamfanya mhalifu. Je, neno lenyewe ni la kusifu au la kulaumu?

Jibu la kwanza

Lenyewe halisifu wala halilaumu. Limetokana na kitenzi cha Kilatini "persistere", chenye maana ya kuendelea kusimama imara, kwa hiyo linaeleza tu kwamba mtu au kitu hakibanduki pale kilipo. Muuzaji aliyekwisha kukataliwa mara tatu na bado anapiga simu huitwa hivyo, na mtafiti anayerudia jaribio lililomshinda mara nyingi naye huitwa hivyo hivyo. Kiswahili, kwa bahati mbaya au nzuri, humlazimisha mfasiri achague upande. Mimi ningeandika "asiyechoka kujaribu", na ningeliepuka neno "mvumilivu", kwa sababu mvumilivu anaweza kuketi tu akisubiri, ilhali huyu anatenda.

Jibu la pili

Nakubaliana na aliyetangulia, ila "sugu" lisitupwe. Sugu ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa mara kwa mara, ndiyo maana linamfaa mdaiwa au mkosaji ambaye maonyo hayamwingii tena. Tahadhari iko kwenye tiba: kikohozi sugu cha mtu mzima kwa kawaida ni kile kilichozidi wiki 8, na Kiingereza kina neno jingine kwa hicho, yaani "chronic". Kikohozi kilichoitwa "persistent" huenda hakijafika huko, kwa hiyo "kisichokoma" ni salama zaidi. Kwa kemikali kama DDT, ambazo hukaa miaka mingi katika mazingira bila kuoza na ambazo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unazidhibiti, "zinazodumu" linatosha.

Muulizaji

Ahsanteni. Nimeandika "asiyechoka kujaribu", kisha nikamuuliza mwalimu mwenyewe alikusudia nini. Amenijibu kwamba mwanafunzi huyo alikuwa akimfuata kila jioni, hata siku alizoambiwa arudi kesho, mpaka aelezwe upya hesabu iliyomshinda. Kumbe king'ang'anizi naye alikuwamo, lakini barua nimeiacha ilivyo.