Kilele cha risasi kinahama kwenye elektrodi za grafini ya leza: tatizo ni nini?

Mpimaji_Temeke

Habari za kazi, wanajukwaa. Ninatengeneza elektrodi za grafini (aina ya kaboni inayopitisha umeme) kwa kuchoma karatasi ya poliimidi kwa leza ya kaboni dioksidi, mashine ya aina ileile ambayo mafundi wa mabango hapa Dar es Salaam huikatia akriliki, na nia yangu ni kupima madini ya risasi katika maji ya visima. Kila kipande kina njia tatu: elektrodi tendaji (ambako risasi hupimwa), elektrodi saidizi (inayokamilisha njia ya umeme), na elektrodi rejea (ambayo volteji hupimwa dhidi yake) niliyoipaka wino wa fedha. Katika maji safi ya maabara yaliyotiwa asetati, kilele cha risasi (mahali mkondo unapofika juu zaidi kwenye grafu ya volteji) hutokea palepale kila ninapopima. Nikiweka maji ya kisima yenye chumvi kinahama, na maji ya kisima kingine hukipeleka mahali pengine. Aidha, mkondo wa umeme hupanda taratibu kadiri kipande kinavyokaa ndani ya maji. Je, nibadilishe nguvu ya leza?

Mkemia wa Ubungo

Leza usiiguse kwanza, ndugu. Kuhama kwa kilele kunatoka kwenye elektrodi rejea. Fedha iliyofunikwa kwa kloridi ya fedha hufuata kiasi cha kloridi kilichomo katika maji yanayoigusa: kloridi ikiongezeka mara kumi, volteji yake hushuka kwa takriban milivolti 59 katika nyuzi 25 za Selsiasi, na kilele chako huonekana kimesogea upande wa chanya kwa kiasi hichohicho. Visima vyetu, hasa vya karibu na bahari, hutofautiana sana kwa chumvi. Maji yenye miligramu 35 za kloridi kwa lita na yale yenye miligramu 350 tayari yana tofauti hiyo ya mara kumi. Tena wino wa fedha usio na kloridi ya fedha juu yake hauna volteji ya kutegemewa hata katika maji ya aina moja.

Tiba yake ni hatua mbili. Weka tone la dawa ya kung'arishia nguo yenye hipokloriti juu ya wino uliokauka, uache hadi fedha ibadilike kuwa ya kijivu iliyokolea, kisha suuza vizuri. Baada ya hapo, ongeza kloridi ya potasiamu kwa kiwango cha moli 0.1 kwa lita katika kila sampuli, pamoja na viwango vyako vya kulinganishia. Kiasi hicho ni takriban gramu 3.5 za kloridi kwa lita, kwa hiyo miligramu 350 za kisima zitasogeza kilele kwa milivolti mbili au tatu tu.

Dada wa Maabara

Ninaongeza tahadhari moja kwa aliyotueleza Mkemia: kloridi ya potasiamu iwe ya daraja la uchambuzi, yaani safi sana. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha risasi kuwa mikrogramu 10 kwa lita, na chumvi yenye uchafu kidogo inaweza kukuletea risasi ambayo kisima hakina. Pima kwanza maji safi yaliyotiwa chumvi hiyo peke yake. Kama maabara yenu ina elektrodi rejea ya kioo, iunganishe badala ya ile ya wino. Kilele kikitulia, utakuwa umepata uthibitisho.

Fundi Leza

Kupanda kwa mkondo ni jambo jingine, nalo linahusu grafini yenyewe. Leza inapochoma poliimidi, gesi hutoka kwa nguvu na kuacha kaboni yenye vinyweleo vingi kama sifongo. Ndivyo walivyoieleza watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice mwaka 2014. Vinyweleo hivyo hupandisha maji. Shika kipande mkononi mara tu baada ya kukichovya, ukitazame kwa lenzi: utaona mstari wenye unyevu ukipanda kwenye njia nyeusi kuelekea mahali pa kuunganishia waya. Eneo linaloguswa na maji huongezeka, na mkondo nao huongezeka. Maji yakifika kwenye wino wa fedha wa kiungo cha elektrodi tendaji, fedha nayo huanza kuingia katika vipimo vyako.

Paka rangi ya kucha mara mbili juu ya shingo ya kila njia, yaani sehemu iliyo kati ya mahali panapochovywa na mahali pa kuunganishia waya, ukiiacha ikauke kabisa kati ya mpako na mpako, na hakikisha imezama ndani ya vinyweleo badala ya kukaa juu tu. Usisafishe kipande kwa asetoni baada ya hapo, kwa kuwa itaiyeyusha. Nakuomba pia usikubali kamwe fundi achome plastiki ya PVC katika mashine hiyo, maana hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni inayodhuru mapafu na kula vyuma.

Mpimaji_Temeke

Nawashukuru sana. Je, nikishafanya hayo, bado nitahitaji kulinganisha na mstari wa viwango vya maji ya maabara?

Mkemia wa Ubungo

Hapana, kwa maji ya kisima tumia nyongeza ya kiwango: pima sampuli, ongeza kiasi kinachojulikana cha risasi katika sampuli hiyohiyo, upime tena, kisha urudie nyongeza hiyo angalau mara mbili zaidi. Tindikali za mboji na metali nyingine zilizomo hubadilisha ukubwa wa kilele, na maji ya maabara hayawezi kukuonyesha hilo.