Mama ana goti bandia, eksirei imeonyesha mstari mweusi. Naombeni ushauri

Kitindamimba: Habarini wakuu. Mama aliwekewa goti bandia mwaka juzi, akawa anatembea vizuri. Siku hizi analalamika maumivu, hasa akiinuka kitini. Ripoti ya eksirei inasema kuna mstari mweusi kati ya saruji (ile gundi inayoshika goti bandia kwenye mfupa) na mfupa wa muundi, chini ya milimita 2. Daktari kasema tutarudia picha baadaye. Roho haijatulia. Limelegea? Tuombe picha za kina zaidi, CT au MRI?

Mtu wa Mionzi: Mpe mama pole. Mstari mwembamba hivyo peke yake hautoshi kusema limelegea. Cha kuangalia ni kama unakua. Tafuteni picha ya kwanza, ile ya baada tu ya upasuaji, ziwekwe pamoja na hii. Kama ulikuwepo tangu mwanzo na haujabadilika, mara nyingi hauna neno. Ukipita milimita 2, ukaendelea kupanuka, au chuma kikawa kimezama au kimeinama kuliko zamani, hapo kuna kulegea.

Halafu, alipigwa amesimama? Plastiki iliyo katikati ya vyuma vya goti bandia haionekani kwenye eksirei, tunaikadiria kwa uwazi ulio kati ya vyuma. Akiwa amelala, uwazi huo unadanganya.

Bi Nesi: Ana homa? Goti limevimba au ni la moto? Eksirei inaweza kuwa safi kabisa na ndani mna maambukizi. Ombeni vipimo vya damu vya ESR na CRP, vinavyopanda mwili ukiwa na uvimbe wa ndani au maambukizi; vikiwa juu, daktari anaweza kuvuta maji ya goti kwa sindano yakapimwe. Hili msilicheleweshe, tafadhali.

Kitindamimba: Homa hana dada, ila jioni goti huvimba kidogo. Picha ya zamani ipo kwenye CD. Hii ya sasa kumbe alipigwa amelala! Na CT je?

Mtu wa Mionzi: CT ni nzuri kuona kama vyuma vimekaa vikiwa vimezunguka vibaya, au mfupa umeliwa. MRI nayo inawezekana, mradi mashine ipangwe kupunguza ukungu ambao chuma huleta kwenye picha. Ila kwanza rudieni eksirei akiwa amesimama, pamoja na ya ubavuni na ya pia ya goti (kile kifupa cha mbele). Maumivu ya kuinuka kitini siyapuuzi, mwambieni daktari hivyo hivyo.

Mzee wa Mkongojo: Nyonga nayo ikaguliwe. Ikiugua, maumivu yake huweza kusikika gotini.