Punda wawili wametupa mimba Nzega, wa tatu ana mimba ya miezi minane. Nifanyeje?

MkokoteniNzega: Wakuu, naomba ushauri wa haraka. Punda wawili wa mkokoteni wametupa mimba, mmoja ya miezi tisa, mwingine kumi. Hawakuonyesha dalili yoyote na bado wanakula vizuri. Wa tatu ana mimba, wanalala zizi moja. Jirani anasema brusela (ugonjwa wa bakteria unaotupisha mimba), mwingine anasema mzigo mzito, na nimesikia pia habari za herpesi ya farasi, ugonjwa wa kirusi. Inawapata punda? Nimhamishie huyu kwa shemeji?

VetiUnyanyembe: Pole sana mkuu. Usimhamishe! Kama keshaambukizwa, utapeleka ugonjwa kwa shemeji. Waondoe waliotupa, wakae mbali, ndoo yao na kamba yao peke yao. Mwenye mimba abaki alipo, umhudumie kwanza, wale wengine mwisho, kisha unawe na kubadili viatu. Asitoke punda wala kuingia mpaka zipite siku 28 tangu wa mwisho kutupa, hata mnadani au kisimani wasiende. Pima joto asubuhi na jioni kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa. Punda mzima yuko karibu na 37, akivuka 38 mwite mtaalamu.

Na ndiyo, herpesi ya farasi aina ya 1 huwapata punda.

Maabara_Kiloleni: Msikimbilie kuzika kabla ya kuchukua sampuli. Vaa glavu, maana herpesi hii haimpati binadamu lakini brusela inampata. Chukua vipande vya mapafu, ini, bandama, tezi ya kifuani na kondo la nyuma, kila kimoja mfuko wake, ndani ya kasha la barafu. Visigande, vifike TVLA (maabara ya mifugo ya serikali) Tabora ndani ya saa 24. Vipande vingine vyembamba, visizidi sentimita 1, viweke kwenye formalini (dawa ya kuzuia kuoza) ya asilimia 10. Mama achukuliwe damu kwenye chupa ya kifuniko chekundu leo na tena baada ya wiki mbili hadi tatu: kingamwili za herpesi (kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi) zikipanda mara nne, hilo ni jibu. Omba pia vipimo vya brusela na nagana (ugonjwa unaoenezwa na mbung'o), kwa mbung'o wa huku usiache.

Kijusi cha herpesi mara nyingi hutoka kibichi, hakijaoza, pengine bado kimo ndani ya kondo, kifua kina maji na ini lina madoa meupe kama ncha ya sindano. Ukimaliza, choma au fukia kwa kina mbwa wasifukue. Sakafu isuguliwe kwa sabuni kwanza, ndipo JIK sehemu 1 kwa maji sehemu 9. Ukimwaga JIK juu ya samadi unapoteza pesa.

MkokoteniNzega: Asanteni sana. Lakini mbona mama zao wazima kabisa?

VetiUnyanyembe: Hapo ndipo ubaya wake. Kirusi cha herpesi huingia puani, na ndani ya siku moja au mbili kimefika kwenye tezi, kikapanda ndani ya seli nyeupe za damu, zilezile zinazopaswa kukiua. Kingamwili zilizo kwenye damu hazikifikii. Zikifika kwenye mfuko wa uzazi, seli hizo hukipitisha moja kwa moja kwenye kuta za mishipa midogo. Mishipa inavimba, damu inaganda, kondo linabanduka, mtoto anakosa hewa. Mama hana kidonda cha kuonekana.

Seli iliyoambukizwa kwa kawaida huonyesha vipande vya kirusi kwenye uso wake ili iuawe. Kirusi hiki kina protini ya UL49.5 inayoziba njia ya vipande hivyo, na nyingine hunasa kemikali zinazoita seli za ulinzi. Kisha hujificha kwenye fundo la neva la uso na ndani ya seli nyeupe, maisha yote. Njaa, safari ndefu au sindano ya deksa (deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe) hukiamsha, kikatoka puani bila dalili. Kwa hiyo hao wawili msiwachome deksa ovyo.

MamaIgunga: Chanjo je?

Maabara_Kiloleni: Ulaya na Marekani farasi wenye mimba huchanjwa mwezi wa 5, 7 na 9 wa mimba. Inapunguza kirusi, haizuii kabisa. Kwako sasa kutenga ndiko kunafanya kazi. Angalia pia miguu ya nyuma: akiyumba, mkia ukalegea au mkojo ukatiririka, kirusi kimeingia uti wa mgongo, kama ilivyotokea kwa farasi wa mashindano Valencia, Hispania, 2021. Usimlazimishe kusimama, mpe maji karibu na uite daktari siku hiyohiyo. Waliotupa usiwauze: wengi hubeba mimba inayofuata salama.