Onyo la "muunganisho si wa faragha" lina maana gani?

Swali: Ndugu wanajukwaa, mama yangu akifungua kivinjari katika kompyuta yake ya zamani, kila tovuti humletea onyo kwamba muunganisho si wa faragha, naye ameamini kuwa wezi wamekwisha kuingia. Nimweleze nini?

Jibu la 1: Tazama tarehe kwanza. Cheti cha usalama cha tovuti, yaani hati ya kidijitali inayoithibitisha tovuti kwa kivinjari, kina siku ya kuanza na ya kuisha, hivyo betri ya saa ya kompyuta ikifa na tarehe ikarudi nyuma miaka mingi, kivinjari huviona vyeti vyote kuwa batili.

Muulizaji: Ahsante sana, tarehe ilisomeka 2009. Nimeirekebisha na onyo limetoweka. Inasikitisha kwamba ujumbe wenyewe haukutaja saa hata kidogo.

Jibu la 2: Mweleze pia kuhusu alama ya kufuli iliyo kando ya anwani ya tovuti. Huonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, wala haithibitishi uaminifu wa mwenye tovuti, kwa maana matapeli nao hupata vyeti bila malipo. Kwa kuwa wengi waliielewa vibaya, kivinjari cha Chrome kiliiondoa na kuweka alama nyingine mwaka 2023. Hata hivyo, onyo likitokea katika tovuti ya benki ilhali tarehe ni sahihi, asiendelee.