Tupeane uzoefu: mnaoandika utoto wa Riddick, mlianzia wapi na mlikwama wapi?

Mwenye uzi

Wakuu habari za saa hizi, na shikamooni wakubwa. Najua humu tupo tunaoandika hadithi za kishabiki kuhusu Richard B. Riddick, yule mfungwa muuaji mwenye macho ya kuona gizani, kabla hajatokea kwenye filamu ya Pitch Black ya mwaka 2000. Simzungumzii Riddick wa kukalia kiti cha enzi kwenye filamu ya pili. Namtaka yule mtoto, yule kijana, yule mfungwa aliyekuwa bado anaona mchana kama sisi. Kila mtu aseme alianzia wapi. Wanaosoma tu bila kuandika nao karibuni, ila tusiambiane kwamba tuna muda wa kupoteza. Hilo tunalijua.

Mimi nilianzia jalalani. Kwenye Pitch Black, Riddick anamwambia Imam, yule mtu wa dini aliye naye safarini, kwamba alianza maisha kwenye pipa la taka la duka la pombe, kitovu kimemzonga shingoni. Basi, imeisha. Hakuna mama, hakuna mtaa, hakuna aliyemwokota. Lakini kichanga hakijiokoti, kwa hiyo kuna mtu alisikia kilio akafunua mfuniko. Huyo ndiye niliyemwandika: mama mfanya usafi wa zamu ya usiku, ana watoto wake tayari na hana haja ya mwingine. Anamtoa ile kamba shingoni, anamviringisha kwenye aproni, anamwacha kituo cha polisi na kuondoka bila kuandikisha jina. Sura nzima Riddick hasemi kitu, maana ana saa chache tu duniani, na bado wasomaji wangu wanadai ndiyo sura bora kuliko zote. Sijui nifurahi au ninune.

Nilikwama kwa sababu ya filamu ya pili, The Chronicles of Riddick ya 2004. Humo tunaambiwa kuna mpiganaji alitabiriwa kwamba mtoto wa kiume atazaliwa sayari ya Furya na siku moja atamwangusha. Akaivamia Furya, akaua vichanga vya kiume, vingine kwa kuvinyonga na vitovu vyao wenyewe. Firauni na Nabii Musa, mchana kweupe! Pipa langu la taka likageuka kisafina cha mteule. Nimeamua mama wangu wa usafi asijue lolote, na mtoto naye akue bila kujua. Anayejua ni msomaji peke yake. Nyie mmelimalizaje hili?

Kibanda Umiza

Mkuu, mimi huyu jamaa nilikutana naye kibandani huku Mbagala, na ubishi wetu haukuwa kuhusu utoto. Ubishi ulikuwa: stering ni nani? Kwenye Pitch Black, Johns ana beji, ana bunduki, ana mfungwa. Kibanda kizima tukampa Johns ustering. Yule aliyefungwa kitambaa machoni na kutiwa lijamu mdomoni tukajua ndiye adui, tukawa tunasubiri apigwe. Mkanda unapofika katikati ndipo inajulikana kwamba Johns si askari hata kidogo, ni mwinda watu kwa malipo. Tena anajidunga mofini aliyoificha ndani ya risasi za bunduki yake, na aliibania wakati mwenzao mmoja anakufa kwa mayowe ya maumivu. Kuna mzee pale alidai arudishiwe hela, eti wamemwonyesha stering feki.

Ndiyo maana nilipoanza kuandika nilianza na Johns. Kuna mahali anamwonyesha Fry, yule rubani wa kike, kovu la mgongoni, anasema kipande cha kisu cha Riddick bado kimo humo, kimegusa karibu na uti wa mgongo. Nikaandika usiku wa kisu hicho, wote kwa macho ya Johns. Riddick hapo ni vishindo, pumzi, na maneno machache sana. Kadiri nilivyompunguzia maneno ndivyo alivyozidi kutisha. Na ile mofini ghafla ikapata asili yake bila mimi kumhubiria mtu: jamaa ana chuma mgongoni, analala nacho, anaamka nacho.

Ushauri wangu kwa wanaoanza, mkaribie kupitia mtu mwingine. Ukiingia kichwani mwake moja kwa moja, kufika ukurasa wa pili atakuwa mwanafalsafa, na Riddick mwenye falsafa hauziki.

Mwana wa Kibokoni

Kaka zangu, mwasema vitovu na visu, na macho je?

Mimi Pitch Black niliitazama nikiwa mdogo, huku Mombasa. Mamangu alisikia Imam akimtaja Mungu, akaona na wale vijana wake wanaokwenda kuhiji New Mecca, akadhani ni picha ya dini, akatuacha. Alhamdulillahi hakurudi sebuleni walipotoka wale wadudu wa gizani.

Sasa, macho. Jack, yule msichana mdogo anayejifanya mvulana, anamuuliza Riddick macho kama yale ya kuona gizani anaweza kuyapata wapi. Ajibiwa: uue watu kadhaa, ufungwe jela ambayo wakwambia hutaliona jua tena, umtafute daktari humo ndani, umlipe sigara ishirini za Kool za mentholi akusugue mboni. Jibu safi, kila shabiki alihifadhi. Mwaka wa 2004 ukaja mchezo wa kompyuta, Escape from Butcher Bay, nao ni hadithi ya kabla ya Pitch Black. Mle huyaoni macho yakiuzwa kwa sigara. Kuna mzee aitwa Pope Joe, akaa mashimoni chini ya jela, amshona Riddick kidonda, kisha Riddick asikia sauti ya mwanamke, Shirah, na akitoka hapo aona gizani. Mashabiki tangu siku hiyo wagombana: ni daktari au ni mzimu wa Kifuria?

Nimesoma hadithi nyingi zinazojaribu kuoanisha hayo mawili. Eti Pope Joe ndiye daktari. Eti alifanyiwa mara mbili. Zote zinachosha, kwa sababu zinaanza na imani kwamba Riddick alisema kweli. Mtazameni Kyra kwenye filamu ya 2004. Huyu ni yule Jack, amekua, yuko jela ya Crematoria, na amtupia Riddick maneno kwamba hakuna daktari humo wa kumng'arisha macho, hata kwa sigara ishirini, na je kuna lolote alilomwambia lililokuwa kweli? Msichana alijenga ujana wake juu ya porojo ya mtu mzima aliyetaka tu aachwe kimya.

Hapo ndipo nilipopata hadithi yangu. Riddick kijana yuko selo ya watu wengi, bado ana macho ya kawaida, na kila mfungwa mpya amuuliza katokea wapi. Mmoja amwambia jalalani. Wa pili amwambia alikuwa na mama mshonaji. Wa tatu amwambia aliuzwa kwa watu wa meli ya mizigo akiwa na miaka sita. Kila mmoja aenda zake na hadithi yake, na akihamishiwa jela nyingine aifikisha huko. Mwisho wa hadithi walinzi hawajui faili lipi ni lake. Sikuandika ipi ni kweli na sitaandika. Walioniuliza nimewaambia wakamuulize Jack.

Mfuria Halisi

Dada hapo umepiga, lakini mnaionea Furya. Bila Furya huyu ni jambazi mwenye misuli tu. Mimi naandika vita yenyewe, kabla ya kitovu, na Riddick hayumo kabisa. Mwenye uzi, mama yako wa usafi anaweza kuwa mkimbizi wa Kifuria. Fikiria.

Mwalimu wa Zamu

Nasoma zaidi kuliko kuandika, hivyo nitawakosoa kidogo, mnisamehe. Tatizo la hadithi nyingi za utoto wake ni baba wa kambo. Sijui kwa nini kila mwandishi lazima alete baba wa kambo mlevi mwenye mkanda wa suruali. Mtoto anapigwa, anapigwa, anapigwa, kisha anaua, na sisi tunatakiwa kupiga makofi. Mkishamtafutia udhuru wa kila kitu, mnabaki na mvulana mwema aliyeonewa, na yule wa Pitch Black si mvulana mwema. Mle ndani kuna wakati hujui kama atawaacha Imam na Jack waliwe, na karibu awaache kweli. Uamuzi ule una uzito kwa sababu hatujui moyo wake una nini.

Kitu kingine ni hesabu. Kwa Imam anadokeza nusu ya maisha jela na lijamu mdomoni. Mkimpa miaka thelathini, basi aliingia akiwa kidato cha pili hivi. Mimi katika jaribio langu nimeruka kosa lenyewe. Nimeandika siku anayoingia, mlinzi anatafuta lijamu la saizi ya mtoto, hakuna, wanampa la mtu mzima na kulikaza kwa waya. Kosa lake liko kwenye karatasi ambayo mlinzi anaisoma kimya, anamtazama, anaisoma tena. Msomaji mmoja alinitukana kwa kumficha.

Mwenye uzi

Mwalimu, umenifutia sura ya sita. Ilikuwa na baba wa kambo.

@Mfuria Halisi, mkimbizi hapana. Nikimfanya Mfuria atakuwa na sababu ya kumwokota. Nataka asiwe nayo.

Kibanda Umiza

Kwa mnaouliza mtaweka wapi: mimi naweka kwenye tovuti ya Archive of Our Own. Ni ya mashabiki wenyewe, haina matangazo, na hairuhusu kuchangisha hela kupitia hadithi, jambo ambalo kwetu ni salama maana Riddick ana wenyewe. Weka lebo ya kwamba ni kabla ya filamu, na useme mapema unafuata mchezo au unafuata Pitch Black, la sivyo watakuja kukurekebisha usiku kucha. Ya Kiswahili inasomwa na wachache, nisiwadanganye, lakini wakiacha maoni ni marefu kuliko sura.

Na fanyeni haraka. Filamu nyingine, Riddick: Furya, ilishatangazwa 2023, anarudi kwenye sayari yake. Ikitoka, nusu ya tulichoandika kitapingana nayo.

Mwana wa Kibokoni

Na ipingane. Wangu ni mwongo, hawezi kupingwa na mtu.

Ila nina shida moja: natafuta mtu aliyeucheza Butcher Bay mpaka mwisho anisomee sura ya mashimoni. Nataka kujua kama nimempanga vizuri Pope Joe na lile giza, nani aliye kushoto na nani kulia. Aliye tayari anitumie ujumbe, nitamrudishia kwa kumsomea yake.

Mwalimu wa Zamu

Nipo, dada. Tuma. Kama kuna baba wa kambo humo, mtoe kwanza.