Ripoti yangu ya mkopo imerudishwa na kamati: naomba ushauri wa namna ya kuiandika

Mchambuzi_Kampemba
Jambo kwenu wote, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mchambuzi wa mikopo katika taasisi ndogo ya fedha hapa Lubumbashi, na huu ni mwaka wangu wa kwanza kazini. Wiki iliyopita niliipelekea kamati ripoti ya kurasa 9 kuhusu mfanyabiashara wa unga wa mahindi, anayechukua mzigo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kuuza katika soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi), ambaye anaomba dola 12,000 za kulipa kwa miezi 12. Nilieleza historia ya biashara yake, hali ya soko na uwiano wa madeni kwa mtaji, nikaweka na majedwali manne. Ripoti ilirudi ikiwa na swali moja kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa kwanza: «Unatuomba tufanye nini?» Jibu nililiweka ukurasa wa 8. Imeniuma, kwa sababu nilikesha nikiiandika. Naomba mnielekeze.

MamaHesabu
Mwanangu, pole. Nimekaa katika kamati hizo miaka mingi. Mjumbe hupewa mafaili kadhaa kwa asubuhi moja, na kila saini yake itamfuata siku mkopo utakapokwama. Kwa hiyo sentensi ya kwanza itaje kiasi, muda, dhamana na msimamo wako. Ya pili iseme fedha za kulipia zitatoka wapi. Ya tatu itaje jambo linaloweza kuvuruga malipo. Majedwali yafuate nyuma, kwa anayetaka kuhakikisha. Sasa nijibu: uliandika faida yake ni kiasi gani, naye alikutajia kwa neno gani?

Mchambuzi_Kampemba
Alisema, «Faida yangu ni dola 1,800 kwa mwezi.» Nami nikaandika kwa Kifaransa «bénéfice net», yaani faida inayobaki baada ya kutoa gharama zote.

MamaHesabu
Basi kosa kubwa liko hapo, kuliko hata kwenye mpangilio. Sokoni, mtu akisema faida mara nyingi ana maana ya bei ya kuuzia ukitoa bei ya kununulia, bila lori, bila ghala, bila wapakiaji, wala chakula cha nyumbani kinachotoka katika mkoba uleule. Ulipolivusha neno lake kuingia Kifaransa, ulilivalisha maana ambayo yeye hakuisema, na kamati ingeisoma kama hesabu iliyokaguliwa. Rudi kwake, umuulize kila kinachotoka.

Mkaguzi_Katuba
Naunga mkono, na naongeza la upande wetu. Sisi wakaguzi tukiandika dosari tunataja hali tuliyoikuta, kigezo kilichopaswa kufuatwa, sababu, athari, kisha pendekezo. Kikikosekana kimoja, mkurugenzi anabaki anabishana na maneno badala ya kurekebisha. Kumbuka pia kwamba SYSCOHADA iliyorekebishwa, yaani kanuni za uhasibu tunazozifuata pamoja na nchi nyingine za OHADA (jumuiya ya Afrika ya sheria za biashara), inayotumika tangu tarehe 1 Januari 2018, iliweka taarifa ya mtiririko wa fedha mahali pa TAFIRE, jedwali la zamani la vyanzo na matumizi ya fedha, na biashara ndogo kabisa zimewekewa mfumo mwepesi unaojengwa juu ya fedha zilizoingia na zilizotoka. Mteja wako akiwa na daftari la namna hiyo, hilo ndilo la kunukuu, si neno la mdomo.

MwanaKamalondo
Warren Buffett, mwekezaji tajiri wa Marekani, katika utangulizi wa mwongozo wa lugha nyepesi uliotolewa mwaka 1998 na tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, alisema kwamba akiandika ripoti yake ya mwaka huwa anawaza anazungumza na dada zake, Doris na Bertie: watu wenye akili, lakini si wataalamu wa uhasibu. Andika hivyo, ndugu.

MamaHesabu
Ushauri huo ni mzuri kwa wanahisa, lakini kamati ni wataalamu wenye haraka. Wao usiwaeleze maana ya dhamana. Waeleze umeipataje thamani yake.

Mchambuzi_Kampemba
Nimerudi kutoka sokoni. Katika zile dola 1,800, lori linakula 450, ghala 200, wapakiaji 100 na nyumba 500, zinabaki 550. Mkopo wa dola 12,000 ungemtaka alipe zaidi ya 1,000 kila mwezi. Nilikuwa karibu kumwangusha mtu aliyeniamini. Nimeanza upya hivi:

«Napendekeza mkopo wa dola 4,000 kwa miezi 12, badala ya 12,000 zilizoombwa, kwa awamu ya dola 400 kwa mwezi, riba ikiwemo, na dhamana ya hati ya nyumba yake. Inaonekana biashara inabakiza dola 550 kwa mwezi baada ya gharama zote na matumizi ya nyumbani. Hatari kubwa ni mzigo kukwama mpakani, kwa kuwa akiba inayobaki baada ya awamu ni dola 150 tu.»

MamaHesabu
Sasa nimekuelewa bila kufungua ukurasa wa pili. Futa «inaonekana». Kama umeliona daftari lake, andika kwamba umeliona, taja ni la miezi ipi, na uambatanishe picha za kurasa zenyewe. Kama matumizi ya nyumbani ameyataja kwa mdomo tu, andika kwamba ni kauli yake.