Mrejesho: Safari ya Pangani wakati mashine ya boti ikiwa kwa fundi

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri iwapo nibaki Dar es Salaam kumsubiri fundi wa mashine ya boti yangu ya Mafia, au nitumie muda huo kwenda Pangani kumwona mama. Wengi mlisema niende, ila mashine ifunguliwe kwanza mbele yangu, na kwa hilo ninawashukuru sana.

Ilipofunguliwa, tulikuta mapezi ya mpira ya pampu ya maji yamekatika na vipande vyake vimeziba njia ya maji ya kupozea, ndiyo maana joto lilipanda hadi gasketi ya hedi (kizibo kilicho kati ya silinda na kifuniko chake) ikaungua. Silinda zilikuwa salama. Tuliandikiana vipuri na bei zake, nikalipa sehemu ya fedha, nikapanda basi la Tanga kupitia Chalinze na Segera, nikaanzia Muheza kwa shangazi, ambaye sikuwa nimemwona tangu msiba wa baba.

Pangani nilikaa kuliko nilivyokusudia kwa sababu gasketi ilichelewa, na ninashukuru ilichelewa, kwani mama alihitaji mtu wa kumpeleka hospitali kupimwa macho. Fundi naye alinitumia picha ya kila kipuri kabla ya kukifunga.

Mashine imeshavuka kutoka bandari ya Nyamisati hadi Kilindoni, Mafia, na maji ya kupozea yanaruka vizuri kwenye tundu la pembeni, dalili kwamba pampu inafanya kazi. Kila jioni tunaiwasha ndani ya pipa la maji matamu ili kuisafisha chumvi.